Zamu ya Kuwa Bora

Etagegn alikuwa mwongo katika mambo mawili tu: umri wake na macho yake. Umri alisema ni miaka hamsini na miwili, na alikuwa amesema hivyo kwa miaka saba mfululizo bila kuona haya. Macho alisema ni mazima. "Haya macho," alizoea kusema huku akijigonga shavu kwa kidole, "yalianza kuchambua buni kabla mama zenu hawajaolewa." Maneno hayo yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyousaidia ule uongo kupita.

Kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa katika ghala lile lile la Kaliti, pembezoni mwa Addis Ababa, juu ya kigoda chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Alimwaga buni kwenye sinia, akatoa nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, akabakiza zile za kwenda ng'ambo. Alianza akiwa mke mpya wa mpakiaji wa magunia aliyeitwa Demissie, mtu mpole ambaye kila akipita na gunia begani alichota shayiri ya kukaanga mfukoni akammiminia mkewe kiganjani, kisha akaendelea na safari yake kama si yeye. Demissie alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Binti yao, Meseret, alikwenda kufanya kazi za ndani Beirut, akawa anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Etagegn akabaki na chumba kimoja cha kupanga, majirani, na ghala.

Alikuwa mwanamke wa makelele. Alipenda chumvi nyingi kwenye shiro yake, ule mchuzi wa unga wa dengu. Alipenda misiba kuliko harusi, kwa sababu harusini, alisema, mtu anakula akafukuzwa na muziki, lakini msibani anakaa siku tatu na mazungumzo yanafika mbali. Hakuna jirani aliyefiwa akamkosa, wala mzazi aliyejifungua asimwone mlangoni na sufuria. Wanawake kumi na watano waliochambua pamoja naye walimwita Mama Etagu, na nusu yao ni yeye aliyewafundisha kushika sinia.

Malipo pale yalikuwa kwa frasila, ile ya kilo kumi na saba. Mchambuaji wa kawaida alitoa frasila nne kwa siku. Etagegn enzi zake alitoa nne na nusu, lakini macho yalipoanza kuingia ukungu akashuka hadi tatu, kisha mbili na nusu, tena kwa kuinamia sinia mpaka pua ikapakaa vumbi la kahawa. Asnakech, mwanamke mnene aliyesimamia mizani na kuandika uzito wa kila mtu, alizishuhudia namba zikiporomoka, na hakusema neno. Miwani Etagegn hakutaka hata kuisikia. Miwani ni ya makarani, alisema. Ukweli ni kwamba aliogopa: mchambuaji akishavaa miwani, kila mtu anajua kinachofuata.

Mwaka wetu mpya ulipoingia Septemba, katika mwezi wa Meskerem, ghala likapata meneja mpya, Ato Henok, yaani Bwana Henok. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, msomi wa mambo ya uongozi, shati limenyooshwa mpaka linatisha. Tuseme ukweli, alikuwa kijana mwenye moyo mzuri. Siku ya tatu alikuwa anamsalimia kila mchambuaji kwa jina lake, jambo ambalo meneja aliyemtangulia hakulifanya kwa miaka tisa. Aliamini kwamba binadamu hufanya kazi kwa bidii kwa ajili ya vitu viwili, pesa na sifa, na hakukosea. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba sifa ni kitu ambacho kila mtu anataka kupewa peke yake, hadharani.

Akatangaza tuzo ya Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Atakayewazidi wenzake kwa frasila angepata birr elfu tatu, dumu la mafuta ya kula, na picha yake kubwa ingetundikwa ukutani kando ya mlango, ndani ya fremu iliyozungushiwa maua ya plastiki. Wanawake walipiga makofi. Birr elfu tatu si mchezo, na mafuta ya kula bei yake kila mtu alikuwa anaijua.

Mwezi wa kwanza alishinda Zinash. Huyu alikuwa mama wa mtoto mmoja, hana mume, ana mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Frasila sita kwa siku. Picha yake ikatundikwa, amevaa blauzi yake nyekundu, na kila aliyeingia ghalani ilibidi apite mbele yake.

Etagegn naye alikwenda kuitazama. Alisimama mbele ya picha ile, akasogea, akasogea tena, mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo, na akakaa hapo muda mrefu. Alitaka tu kujua kama binti amecheka au amenuna. Alipochoka akageuka na kusema kwa sauti ghala zima lisikie, "Amependeza kupita kiasi!" Akaenda zake, akasahau kuongeza Mungu amlinde.

Wiki iliyofuata mtoto wa Zinash akashikwa na homa, akatapika siku nne mfululizo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni jicho la husuda. Zinash alirudi kazini macho yamevimba, akaishusha ile picha, akaifunga ndani ya shela lake jeupe na kuondoka nayo. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena Etagegn. Alipita mbele ya kigoda chake kimya, asubuhi na jioni, na kwa watu wetu, ambao salamu tu huchukua nusu ya asubuhi, hilo ni tusi kubwa. Etagegn aliumia sana. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi yenyewe ilikuwa inahusu macho, kwa hiyo akanyamaza.

Mwezi wa pili hakuna aliyetaka kushinda. Zeytuna, mama wa mapacha na mtu asiye na siri, alipeleka gunia lake kwenye mizani akauliza, "Nimefika ngapi?"

"Nne na kidogo," Asnakech akamjibu.

"Hicho kidogo nirudishie."

"Nikurudishie wapi, we mwanamke? Kahawa imeshapimwa!"

"Basi usikiandike. Mimi nina watoto wawili, siyo mmoja."

Mwisho wa mwezi Ato Henok alikuta wanawake kumi na mmoja wamefungana kwa frasila nne kamili, kama jeshi. Akashuka ghalani, mikono kiunoni.

"Kuna nini jamani? Pesa hamzitaki?"

"Pesa tunazitaka, mwanangu," Etagegn akamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye sinia. "Ukuta ndio hatuutaki."

Hakuelewa, na hakuna aliyemfafanulia. Mtu aliyesomea uongozi humwambii habari za jicho; atakusikitikia. Akasema tuzo itabaki vile vile, na kwamba mwezi ujao asipopatikana mshindi ataifuta.

Ni Asnakech aliyepata dawa, asubuhi moja wakati wa kahawa uani, kikombe cha pili mkononi na bisi mdomoni. Wanawake wale wote walikuwa kwenye upatu mmoja wa kila wiki, kama walivyokuwa mama zao. "Sasa sikilizeni," alisema. "Jicho linamfuata nani? Linamfuata aliyewapita wenzake. Je, kama wenzake ndio waliompandisha? Nani atamwonea kijicho, na yeye mwenyewe zamu yake inakuja?"

Wakatazamana.

"Unataka tucheze upatu wa tuzo?" Zeytuna akauliza.

"Nataka tule mafuta ya yule kijana bila kuugua."

Walicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuangalia. Karatasi zikakunjwa, zikatiwa ndani ya kikombe, zikavutwa hapo hapo. Zinash, aliyekwisha kula yake, hakuvuta, lakini alikubali kuchangia kama wengine. Zeytuna alipata mwezi wa kwanza, Etagegn wa pili. Aliyevuta karatasi ya Pagume, ule mwezi wetu wa siku tano mwishoni mwa mwaka, alizomewa mpaka akacheka mwenyewe.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila siku, kabla ya kupima, kila mwanamke alichota bakuli moja kubwa kutoka kwenye kahawa yake safi na kulimwaga kwenye gunia la mwenye zamu. Asnakech aliandika alichokiona kwenye mizani, na dhamiri yake ilikuwa tulivu. Kahawa imechambuliwa, imepimwa, imelipiwa mara moja. Imetoka mikononi mwa nani, hayo ni ya wenyewe. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kupungukiwa na ujira wake kwa ajili ya bakuli hilo, kila mmoja akaharakisha mikono kidogo. Huko juu ofisini Ato Henok alitazama jumla ya ghala ikipanda akajisugua viganja. Zeytuna alishinda kwa frasila saba na nusu, picha ikapanda ukutani, na mapacha hawakupata hata mafua.

Ikaja zamu ya Mama Etagu, na hapo mambo yakaharibika, kwa sababu ya mapenzi.

Walikubaliana bakuli moja kila mtu, afike kama sita hivi. Lakini Zeytuna alikumbuka nani alimpikia uji mzito wa mzazi kwa siku arobaini, akaongeza nusu bakuli. Mwingine alikumbuka msiba wa baba yake, akaongeza nusu. Mwingine aliwaza tu kwamba mama huyu katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kushinda kitu chochote, hata bahati nasibu ya kanisani, akaongeza. Kila mmoja alifanya kimyakimya, akidhani ni yeye peke yake. Zinash ndiye pekee aliyemwaga bakuli lake la makubaliano, likiwa limesawazishwa ukingoni, bila punje ya ziada na bila neno. Asnakech aliona namba zinapanda kuliko ilivyotakiwa, na badala ya kuzuia akawa anakadiria kwa kupandisha juu. Mwezi ulipokwisha, kitabuni ilisomeka kwamba Etagegn ametoa, kwa wastani, frasila nane na nusu kwa siku. Hakuna mkono wa binadamu uliowahi kufika hapo Kaliti nzima.

Etagegn alijua vizuri kahawa ile inatoka wapi. Jioni za kwanza alilia kila bakuli lilipomwagwa. Baadaye akazoea, na kwa siku kama tatu hivi, Mungu amsamehe, alianza kuamini kwamba mikono yake imerudi. Alimwambia jirani yake kwamba siri ni kukaa mgongo wima.

Tuzo ilitolewa Ijumaa moja baada ya Krismasi yetu ya Januari, uani, saa ya mapumziko. Etagegn alivaa gauni jeupe lenye tarizi ambalo alikuwa analitunza kwa ajili ya harusi ya Meseret, ambayo haikuwa na dalili ya kuja. Ato Henok alimpandisha juu ya jukwaa la kupakilia magunia, akampa bahasha, akampa dumu la mafuta, akampigia makofi kwa nguvu kuliko mtu yeyote. Alikuwa amefurahi kwelikweli. Kisha akatoa karatasi.

"Ndugu zangu," alisema, "mama huyu ana miaka hamsini na miwili. Hamsini na miwili! Na ametoa frasila nane na nusu. Sasa mimi nimejifunza kitu. Nimejifunza kwamba tulikuwa tunajidharau. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao kiwango cha chini cha kila mchambuaji ni frasila tano. Atakayeshindwa miezi miwili, tutaagana naye. Kama Mama Etagegn anaweza, nani hawezi?"

Frasila tano kila siku, siku zote, pale waliziweza wanawake watatu tu. Zeytuna hakuwa mmojawapo.

Etagegn alisimama juu ya jukwaa, dumu la mafuta mguuni. Nyuso za wenzake hakuziona. Aliona mashela meupe tu, yametulia. Lakini aliwajua. Alijua hakuna hata mmoja atakayefungua mdomo kumwaibisha, hata ikibidi wachambue mpaka wavunjike migongo, hata wakifukuzwa mmoja mmoja. Na alijua jambo la pili vile vile: akisema yeye, kila mtu atasikia frasila mbili na nusu, na kwa kiwango chochote atakachoweka kijana huyu, kipya au cha zamani, mtu wa mbili na nusu hana kigoda ghalani. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuwa na mahali pengine pa kupelekea asubuhi zake. Aliogopa.

"Mwanangu Henok," alisema. "Ikunje hiyo karatasi."

"Mama?"

"Kwanza, mimi sina hamsini na miwili. Nina hamsini na tisa."

Kuna waliocheka, kwa hofu.

"Pili, frasila zangu si nane. Ni mbili na nusu, tena siku nikiamka vizuri."

Ato Henok akaangalia karatasi yake. "Lakini hapa imeandikwa..."

"Imeandikwa kwa sababu wamenipa. Hawa wote unaowaona. Bakuli kwa bakuli, kila siku. Na kabla yangu tulimpa Zeytuna. Ilikuwa zamu yangu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuwa bora."

Ato Henok akamtazama Asnakech. Asnakech akatazama viatu vyake.

"Usimtazame yeye," Etagegn akaendelea, ingawa hakuona alikotazama, alikisia tu. "Mimi ndiye niliyekuwa nakudanganya. Macho yangu yana ukungu mwaka wa nne huu. Hapo uliposimama naona shati. Sijui hata kama umekasirika."

"Nimekasirika," Ato Henok akasema.

"Haya. Ahsante kwa kunijulisha."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu, sauti ambayo Etagegn hakuwa ameisikia ikimsemesha kwa karibu miezi mitatu. "Mama Etagu," Zinash alisema. "Ile picha yangu. Uliiona?"

"Niliona kitu chekundu, mwanangu. Nikasogea mpaka nikanusa fremu. Mpaka leo sijui kama ulicheka."

Zinash akajifunika mdomo kwa ncha ya shela na kutazama pembeni. Etagegn akanyoosha ile bahasha kwa meneja wake, akasukuma dumu kwa mguu. Ato Henok hakuvipokea. Alikunja karatasi mara mbili, mara nne, akateremka jukwaani na kupanda ngazi za ofisini bila kuaga.

Jumamosi hakuonekana. Jumatatu hakuonekana. Etagegn aliendelea kuja, akachambua mbili na nusu zake, na polepole akaanza kugawa vitu: sinia la akiba kwa huyu, aproni kwa yule. Aliwaambia kwamba atakuwa anakwenda kanisani hata siku za kazi sasa, kwamba mgongo wake umekuwa ukiomba likizo tangu enzi za mfalme. Alisema kwa kelele zile zile, na hakuna aliyemwamini. Jumanne Asnakech aliitwa juu pamoja na vitabu vyake vyote. Alikaa huko mpaka saa tisa, akashuka amelowa jasho.

"Amejumlisha ghala zima," aliwaambia. "Tangu tuanze upatu tumetoa kahawa nyingi kuliko miezi kama hii ya mwaka wowote ulioandikwa mle. Anasema hajui acheke au atufukuze."

"Na Mama Etagu?" Zeytuna akauliza.

"Hajasema."

Alisema Jumatano asubuhi. Mafundi waliingiza meza tatu ndefu na mabenchi, na Ato Henok akasimama katikati, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

"Sitapima tena mtu," alisema. "Nitapima meza. Meza tatu, watu watano watano. Kila meza, uzito wake unaandikwa kwa pamoja, na ujira unagawanywa sawa kwa sawa. Meza itakayozidi nyingine mwisho wa mwezi inapata tuzo, na picha hakuna. Kiwango cha frasila tano nimekifuta. Mtachagua wenyewe mnaokaa nao." Akakohoa. "Mko kumi na sita. Mmoja atakayebaki, kampuni itamstaafisha kwa heshima, na mkono wa kwaheri atapewa."

Alisema hayo akitazama paa. Hakuwa mtu mbaya, nimeshasema. Alikaa siku nne akitafuta njia ya kumwondoa mama yule bila yeye mwenyewe kutamka neno ondoka, na hii ndiyo aliyoipata. Wasomi wana upole wa namna yao.

Hakuna aliyeshindwa kugawanya kumi na sita kwa tano. Mwanzoni hawakujongea. Kisha mmoja akaketi meza ya kwanza, akafuatwa na rafiki yake, na mabenchi yakaanza kulia. Zeytuna alimtazama Etagegn, akawatazama waliokuwa wakimwita, akawawaza mapacha wake. Akaketi meza ya pili haraka, macho chini, na Etagegn hakumlaumu hata kwa moyo. Kumpa mtu bakuli mwezi mmoja, ukijua mwezi wako unakuja, ni upatu, na upatu kila aliyetoa hupokea. Hiki kilichokuwa kinaombwa sasa hakikuwa upatu. Ni kumbeba mtu kila siku, kwenye ujira wako mwenyewe, bila zamu yako kufika kamwe.

Meza ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu walikaa Zinash na wanne wenye mikono ya haraka, na kila mtu alijua kwamba tuzo ya mwezi ule, na ya miezi ya mbele, ilikuwa imeketi pale. Etagegn alisimama kando ya magunia, kigoda chake kifuani, uso umeelekezwa kwenye mwanga wa mlango ili asionekane analia. Aliwasikia wakinong'ona meza ya tatu. Mmoja alisema hapana. Mwingine akataja namba. Kisha mtu akashusha pumzi kwa nguvu.

"Mama Etagu!" Zinash akaita. "Unangoja nini hapo? Unangoja basi?"

"Meza zimejaa, mwanangu."

"Yetu haijajaa. Hebu sogeeni ninyi."

"Zinash," Ato Henok akasema, "nimesema watano."

"Nimekusikia, Ato Henok. Sisi ni sita. Kama tuzo haipewi watu sita, usitupe."

Ato Henok akatoa kalamu, akafuta kitu kwenye karatasi yake, akaandika kingine.

Etagegn hakusogea. Mabakuli yale aliyapokea kwa sababu yalikuwa zamu yake. Hili hakujua linapokelewaje. Alitafuta neno la mzaha, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakulipata.

"Nitawapunguzia," alisema.

"Utatupunguzia," Zinash akajibu. "Tumeshapiga hesabu, kila mmoja anajua anapoteza kiasi gani. Njoo ukae, mama, kahawa haijichambui."